Wari wa Koti Jeupe

Kabla sijafundishwa jina la mfupa hata mmoja, nilifundishwa kubebana. Nilifika chuoni na sanduku la bati, jina langu halimo kwenye orodha ya waliopata vyumba, na kijana wa mwaka wa tatu, ambaye undugu wetu ulikuwa wilaya tu, akanimegea nusu ya kitanda chake. Hakuuliza nitakaa siku ngapi. Alitoa masharti matatu: nisiwashe taa baada ya saa nane usiku, nisiguse sukari yake, na mlinzi akinikuta niseme mimi ni mdogo wake, nimekuja kumsalimia. Nilimsalimia kwa miezi mitano.

Tumezoea kusoma mila za Wamakonde, za Wazaramo, za Wamasai. Sisi wa koti jeupe nasi ni kabila, tuna miiko yetu na lugha ya ndani, na tuna jando. Jando letu huchukua miaka sita: mitano ya shahada, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika likusajili daktari kamili. Muhimbili, ambako udaktari ulianza kufundishwa nchini mwaka 1963, wodi zinaitwa Mwaisela, Kibasila na Sewahaji, na vijana huyataja majina hayo kama vitongoji vya kwao. "Nimekesha Kibasila," atasema mtu, au "kesho niko Sewahaji," bila kukumbuka kwamba Sewa Haji alikuwa tajiri wa Bagamoyo aliyetoa mali yake ili wagonjwa wajengewe hospitali enzi za Mjerumani.

Kasoro ya jando hili ni moja. Wari wapo, mangariba wapo tele, lakini hakuna aliyeteuliwa kuwa kungwi.

Lugha ya ndani huanza kabla ya Kilatini. Boom ni fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Likiingia, kila kona inanuka chipsi, likichelewa, ghafla kila mtu anakumbuka kwamba maharage yana protini. Desa ni kabrasha la kusomea lililorithiwa kutoka kwa waliotangulia, likiwa na madoa ya chai ya watu usiowajua. Kupiga msuli ni kukesha na desa hilo. Sapu ni mtihani wa marudio. Na kudisko ni kuondolewa masomoni, neno ambalo halitamkwi mbele ya mtu anayesubiri matokeo, kama vile usivyotaja nyoka usiku.

Miaka miwili ya mwanzo ni ya mwili usiosema. Kadava yetu tulimwita Babu, na mwiko ulikuwa usiegemeze kiwiko mezani kwake. Formalini ilipenya glavu ikakaa vidoleni mpaka kwenye ugali. Wenzangu wawili waliacha nyama. Mmoja aliirudia sikukuu ya Idi, mwingine mpaka leo ni mtu wa dagaa.

Kisha unaingia wodini, na hapo ndipo ukabila wetu unapoonekana waziwazi. Tazama raundi ya asubuhi. Daktari bingwa yuko upande wa kulia wa mgonjwa, nyuma yake wanaosomea ubingwa, kisha madaktari tarajali waliokumbatia mafaili, kisha wanafunzi, wa mwaka wa tano mbele na wa tatu nyuma karibu na dirisha. Swali huanzia chini. Likimshinda wa mwaka wa tatu linapanda kwa wa tano, kisha kwa tarajali, na kila linapopanda ngazi aibu yake inaongezeka. Ndiyo maana utaona tarajali anamnong'oneza mwanafunzi jibu. Anajiokoa mwenyewe.

Yote hayo huendeshwa kwa Kiingereza, juu ya kifua cha mama aliyelala pale akifuatilia midomo yao. Raundi ikisogea kitanda kinachofuata, mama hunyoosha mkono akashika koti la yule wa mwisho kabisa: "Mwanangu, wamesemaje?" Kwa desturi hiyo ambayo hakuna aliyeitunga, habari ya ugonjwa wa mtu hufikishwa kwake na anayeujua kidogo kuliko wote. Nilikuwa mimi huyo wa mwisho. Nilichuchumaa nikaanza kutafuta Kiswahili cha neno nililolijibu vizuri dakika mbili zilizopita, nikakikosa. Nilikuwa na Kiswahili cha mama yangu na Kiingereza cha mwalimu, na kati yao hapakuwa na daraja.

Daraja hilo mtu hulijenga mwenyewe, ubao mmoja mmoja. Unajifunza kwamba "mshipa" wa mzee si mshipa wa damu uliousoma. Huenda anakueleza busha lake kwa heshima. "Chango" la mama mmoja si la mwenzake. Humuulizi bibi wa miaka sabini alipoingia mwezini mara ya mwisho kabla ya shikamoo, na baada ya shikamoo unauliza habari za wajukuu kwanza. Na ukimuuliza mtu ameanza kuumwa lini, hatakupa tarehe. Atakwambia ni kabla ya mdogo wake kuolewa. Basi na wewe uliza harusi ilikuwa lini.

Degedege ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu. Kwetu wodini, mtoto mwenye homa kali anayekakamaa na kugeuza macho huenda ana malaria kali, naye anahitaji dawa ya mshipani upesi. Nje ya geti wengi wanaamini ni jambo la mashetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mwanzoni niliwakasirikia akina bibi. Baadaye nikaona mantiki yao ilikotoka. Mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, hospitali anafika amechelewa, anachomwa sindano, anafariki. Walioshuhudia wameona kwa macho yao: sindano, kisha kifo. Ukimwambia bibi huyo kwamba ni mshirikina, umempoteza, na mtoto wa pili naye atachelewa. Siku hizi naanza na swali, "Bibi, mmeshamfanyia nini?" nikilisema kwa sauti ileile ninayomuulizia mtoto amekula nini.

Nilisema hakuna kungwi aliyeteuliwa. Asiyeteuliwa yupo, na mara nyingi ni muuguzi. Mwaka wangu wa utarajali, katika hospitali moja ya mkoa, alikuwako Sista mmoja aliyebakiza miaka michache kustaafu. Mbele ya wagonjwa aliniita "dokta" kwa sauti ya kusikika kitanda cha mwisho. Tukiingia chumba cha dawa niligeuka "mwanangu". Usiku wa kwanza nilimchoma mtoto mara nne nikitafuta mshipa wa kuweka kanula. Sista hakuninyang'anya sindano. Alisema, "Dokta, simu yako inaita nje." Sikuwa na simu inayoita. Nilitoka, nikahesabu mpaka hamsini, niliporudi kanula ilikuwa imekaa na Sista yuko kitanda kingine. Ni yeye aliyenikataza kusema usiku kwamba leo kumetulia. Nililisema mara moja, saa tano. Saa tano na nusu yakafika majeruhi wa basi dogo.

Utani nao tunao, wa wodi kwa wodi, kama Wachaga na Wapare. Wapasuaji huwasema madaktari wa tiba kwamba hujadili mgonjwa mpaka apone mwenyewe kwa kuchoka, nao hujibiwa kwamba mpasuaji husoma faili baada ya kushona. Mgeni akitusikia tukicheka chumba cha chai saa moja baada ya kifo, atatuona makatili. Hajakaa msibani na watani, basi. Kwa wengi wetu mtani huja kucheka palepale penye jeneza, avae nguo za marehemu amuige anavyotembea, na wafiwa hupumua. Wodini tunafiwa kila juma na hatuna watani wa nje.

Kuhusu posho sina mengi. Ilichelewa, tukakopa duka la nje ya geti, mwenye duka akawa anatuita "madokta wa daftari". Manung'uniko ya tarajali kuhusu posho ndiyo yaliyowasha mgomo wa madaktari wa 2012 hapa Tanzania, na Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, malipo ya tarajali yakiwa kiini cha ugomvi: makubaliano ya 2017 yalitaja takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka 70,000. Kijijini, wakati huohuo, wewe ni daktari, na daktari ana hela. Baba mdogo anatuma picha ya upele, shangazi anaomba nauli, na wote wawili wana haki.

Ila lililonisumbua kuliko njaa ni kutangaza kifo. Cha kwanza nilikitangaza vibaya. Binti alikuja peke yake asubuhi na chupa ya uji, nikamkuta kwenye korido, nikiwa nimesimama naye amesimama, nikamwambia mgonjwa wake amefariki. Darasani tulifundishwa kulitamka neno lenyewe bila kuzungukazunguka. Alinitazama akaniuliza, "Sasa huu uji nimpe nani?" Nilikuwa sina jibu. Nilitazama saa.

Sista alinivutia chumba cha dawa. "Kwenu msiba hutangazwa hivyo?" Hapana. Kwetu, bibi yangu alipofariki, niliambiwa kwa simu kwamba amezidiwa, niende. Baba mkubwa alinipokea stendi, akanibebea begi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilijua kutokana na begi. Lakini neno lenyewe lilitamkwa nikiwa nimekaa, nimekunywa maji, na watu wamenizunguka.

Tangu hapo naanza kwa kuuliza mkubwa wa familia ni nani na yuko umbali gani. Nawakalisha. Nasimulia ugonjwa tangu mwanzo, wao wenyewe wanaanza kuona tunakokwenda, kisha nalisema neno: amefariki. Hapo mwalimu wangu alikuwa sahihi. Siku moja nilitaka kulainisha nikasema tumempoteza, mzee mmoja akaniuliza amepotelea wodi gani.

Mwezi wa saba wa utarajali alifariki mwanamume mmoja, saa nane na nusu usiku. Mke wake alikuwa nje kwenye mkeka. Tulimsubiri shemeji yake, aliyetoka mbali kwa bodaboda. Alifika ana vumbi mpaka kwenye kope. Nikawakalisha kwenye benchi la chumba cha Sista, nikaanza mwanzo. Nilipofika mwisho mke alilala mapajani mwa Sista. Shemeji alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Tumepokea. Poleni na kazi, mwanangu." Mimi ndiye nilipaswa kumpa pole. Akauliza jambo moja tu, kama marehemu amelazwa kuelekea kibla.

Sikuwa nimelifikiria. Sista akajibu ndiyo. Alikuwa amekizungusha kitanda chenyewe, peke yake, wakati mimi naandika faili.

Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi lakini bado kimekaa upande, miguu yake ikiziba njia. Raundi ilipofika, bingwa akasimama. Kwa nini kitanda namba tisa kimekaa hivi? Swali likaanzia chini, kama ada. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akanitazama mimi, nami nikamtazama Sista, naye alikuwa anahesabu vidonge.