Fahamu: Jinsi programu inavyobadili nywila katika Unix

Nywila za mamia ya watumiaji zinapovuja, msimamizi wa mfumo hawezi kuzibadili moja moja kwa mkono; hata hivyo passwd, amri inayobadili nywila katika mifumo ya Unix, kwa desturi husoma majibu kutoka /dev/tty, yaani faili inayowakilisha kibodi na skrini ya mtumiaji, na hupuuza maandishi yanayoletwa na programu nyingine.

Mwaka 1990 Don Libes, wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, alibuni Expect, programu inayounda kibodi na skrini bandia, kusubiri swali la passwd, kisha kulijibu kama mtu. Ubunifu huo unastahili sifa kubwa, ingawa ni dhaifu kwa kazi hii, kwani maneno ya swali yakibadilika, skripti, yaani faili ya maagizo inayofuatwa na Expect, hukwama.

Katika Linux njia bora ni chpasswd, ambayo msimamizi mkuu huipelekea mistari yenye jina na nywila vikitenganishwa kwa nukta pacha. Hatari kubwa, ambayo haipaswi kupuuzwa kamwe, ni kuandika nywila ndani ya amri yenyewe, kwa kuwa amri ya ps huorodhesha programu zinazoendeshwa pamoja na maneno yaliyoziita, na kwa kawaida kila mtumiaji wa kompyuta hiyo huweza kuyasoma. Kwa chaguo la -e, chpasswd hupokea hashi, yaani matokeo ya kukokotoa nywila kwa njia isiyorudishika, hivyo nywila yenyewe haipelekwi kwa chpasswd.