Klachi ya pikipiki kuukuu: Chunguza kabla ya kununua pleti mpya

MWENDESHAJI wa bodaboda anapopanda mlima akiwa amebeba abiria, kisha injini ikanguruma kwa nguvu ilhali pikipiki inazidi kupunguza mwendo, wazo la kwanza humjia kuwa pleti za klachi zimekwisha. Hukimbilia dukani kununua nyingine na kumlipa fundi azibadilishe. Baadhi hurudi barabarani na kukuta tatizo liko pale pale.

Sababu ni kwamba kasoro hiyo yaweza kuletwa na mambo matatu tofauti: kebo, oili au pleti zenyewe. Mawili ya kwanza hurekebishwa kwa gharama ndogo. La tatu humgharimu mwenye pikipiki fedha nyingi zaidi na pengine siku nzima bila kazi. Kwa hivyo ni muhimu kufahamu kiini cha hitilafu kabla ya kufungua injini.

Kazi ya klachi ni kuunganisha na kutenganisha nguvu za injini na giaboksi. Katika pikipiki nyingi zenye mkono wa klachi, ndani mna pleti kadhaa zilizopangwa kwa zamu: moja ya msuguano, nyingine ya chuma kitupu. Springi huzibana pamoja ili zizunguke kama kitu kimoja. Mwendeshaji anapovuta mkono wa klachi, kebo husukuma springi hizo, pleti zikaachana na gia ikaweza kubadilishwa. Pleti hizo huzunguka ndani ya oili ile ile inayolainisha injini.

Kutokana na mpangilio huo, hitilafu nyingi za klachi huangukia mafungu mawili: ama haishiki, ama haiachii.

Klachi isiyoshika huteleza. Dalili yake ni injini kupandisha mngurumo bila mwendo kuongezeka, hasa mlimani, penye mzigo au katika gia ya juu. Pengine husikika harufu ya kitu kinachoungua, na petroli huisha haraka kuliko kawaida. Ili kuthibitisha, mwendeshaji atafute barabara tambarare isiyo na magari, aingize gia ya juu kabisa akiwa katika mwendo wa wastani, kisha afungue mafuta kwa ghafla. Mngurumo ukiruka juu huku mwendo ukibaki ulivyokuwa, klachi inateleza.

Hata hivyo, pikipiki ikikosa nguvu na mngurumo wa injini nao ukawa hafifu, klachi haina makosa. Hapo heri kuchunguza plagi, kichujio cha hewa, kabureta au breki zinazokwama.

Klachi isiyoachia nayo hujitambulisha kwa njia nyingine. Pikipiki husukumwa mbele hata mkono wa klachi ukiwa umevutwa wote, gia ya kwanza huingia kwa kishindo, na kuipata nyutro wakati pikipiki imesimama huwa kazi ngumu. Wakati mwingine injini huzimika punde gia inapoingizwa.

Kasoro hii hupimwa pikipiki ikiwa imesimamishwa kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani na watu wakiwa mbali na mnyororo. Injini ikiwa imepata joto, mkono wa klachi uvutwe na gia ya kwanza iingizwe. Gurudumu likizunguka polepole si ajabu, kwa kuwa oili iliyo kati ya pleti hulivuta. Breki ya nyuma ikanyagwe taratibu. Gurudumu likisimama bila injini kutatizika, klachi inaachia vyema. Injini ikilemewa au kuzimika, pleti hazitengani sawasawa.

Baada ya kujua fungu la hitilafu, mahali pa kuanzia ni kwenye mkono wa klachi. Mkono huo haufai kuanza kuvuta kebo mara tu unapoguswa. Kwa Honda CG125, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1976 na ambayo muundo wake umeigwa na viwanda vingi vya Uchina, ncha ya mkono hutakiwa kusogea kati ya milimita 10 na 20 kabla ya klachi kuanza kufunguka.

Pasipokuwa na ulegevu huo, kebo huwa imezivuta springi wakati wote na klachi huteleza hata kama pleti ni mpya. Ulegevu ukizidi, mkono huishia kwenye usukani kabla pleti hazijaachana. Marekebisho hufanywa kwa kuzungusha nati zilizo karibu na mkono na zile za upande wa injini ambako kebo inaishia. Usukani ugeuzwe kushoto na kulia hadi mwisho ili kuhakikisha kwamba ulegevu haubadiliki.

Kwa pikipiki iliyotumika miaka mingi, ulegevu huu husimulia mengi. Katika aina nyingi, pleti zinapolika ulegevu hupungua. Kebo inaporefuka au nyuzi zake zinapoanza kukatika, huongezeka. Mkono ukiwa mzito kuvuta au ukichelewa kurudi, kebo imejaa kutu na vumbi. Huenda kuilainisha kwa oili kukatosha, ila iliyoanza kukatika nyuzi haina budi kubadilishwa.

Hatua ya pili ni oili. Kwa kuwa pleti huogelea ndani yake, si kila oili ya gari inayofaa pikipiki. Baadhi ya oili za magari huwa na kemikali za kupunguza msuguano, na msuguano ndio unaoiwezesha klachi kushika. Chupa ya oili inayofaa klachi za aina hii huwa na alama ya JASO MA. Oili ikizidi kipimo au ikiwa nzito mno yaweza kuifanya klachi isiachie, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Pikipiki iliyokaa miezi mingi bila kutumiwa nayo huweza kukutwa pleti zake zimegandana.

Iwapo kebo na oili ziko sawa na kasoro ingalipo, hapo ndipo pana haja ya kufungua. Fundi mwangalifu hapimi pleti kwa macho pekee. Hutumia kipimo cha venia kupima unene wa pleti za msuguano na urefu wa springi, kisha akalinganisha na kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo bapa ili kuona kama zimepinda. Zilizogeuka rangi ya samawati zimeungua kwa joto.

Sehemu nyingine inayosahaulika ni kile chombo cha mviringo kinachozishikilia pleti. Meno ya pleti yakishachimba vijishimo kwenye kingo zake, pleti hukwama zinapotaka kusogea, na pikipiki huondoka kwa kushtukashtuka. Kuweka pleti mpya pasipo kushughulikia vijishimo hivyo hakutaondoa tatizo. Hata hivyo, mnyororo uliolegea nao huleta mishtuko kama hiyo, hivyo ni busara kuukagua mapema.

Pleti mpya za msuguano zinapaswa kulowekwa katika oili safi ya injini kabla ya kufungwa, la sivyo huenda zikaungua mara tu zinapoanza kazi. Springi nazo hubadilishwa zote kwa pamoja, kwani moja ikiwa dhaifu pleti hubanwa upande.

Baada ya matengenezo, maisha ya klachi yako mikononi mwa mwendeshaji. Kuishikilia nusu ili pikipiki isirudi nyuma mlimani, badala ya kutumia breki, huzisugua pleti bure. Na anayeendelea kubeba abiria ilhali klachi inateleza hahatarishi injini peke yake. Pikipiki inayokosa nguvu katikati ya mlima, huku lori likiifuata nyuma, huhatarisha maisha ya wote wawili walio juu yake.