Mshahara wa Kwanza: Mashauri kwa Vijana Wanaoanza Maisha Mjini

Kila mwaka vijana wengi hutoka makwao kwenda Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Dodoma kutafuta kazi, na wako waipatao. Siku hiyo huwa siku ya furaha: mama hupiga vigelegele, na majirani huja kutoa pongezi. Walakini miezi michache ikiisha kupita, habari hubadilika. Kodi ya chumba imekwisha, deni limemzidi nguvu, na kijana aona haya kusema. Si kwamba hana akili, wala si mvivu. Alifundishwa hesabu za vitabuni, bali hakufundishwa hesabu ya fedha yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza mambo manne: mshahara, chumba, haki za mfanyakazi, na deni.

Tuanze na mshahara. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kijana ameandikiwa shilingi 300,000 kwa mwezi katika kampuni ya Tanzania Bara. Hukatwa 30,000 za mchango wa NSSF, zikabaki 270,000. Kodi ya mapato haimgusi, maana tangu Julai 2020 kiasi kisichozidi 270,000 kwa mwezi hakitozwi kodi hiyo. Lakini ikiwa alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara, yaani 45,000, naye yampasa kulijua hilo kabla hajaahidi kitu kwa mtu.

Basi yule asiye na mkopo na azigawe 270,000 zake hivi: chumba 60,000, chakula 90,000, nauli 32,000, maji, umeme na gesi 24,000, nyumbani kwa wazazi 20,000, akiba 30,000, na 14,000 kwa mambo yasiyotazamiwa. Hesabu za watu si sawa, na kila mtu atabadili kwa kadiri ya mahali pake. Lililo kubwa ni kwamba akiba iwekwe siku ile ile ya kupokea mshahara, isingojewe kuwa makombo ya mwisho wa mwezi. Asubiriye makombo hayaoni.

Jambo la pili ni chumba, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Desturi ya miji yetu ni mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingia. Na dalali naye mara nyingi hutaka malipo ya mwezi mmoja. Basi chumba cha 60,000 hakipatikani kwa 60,000. Miezi sita ni 360,000, ongeza 60,000 za dalali, jumla 420,000, nayo ni zaidi ya fedha azipokeazo mkononi kwa mwezi mmoja na nusu, tena kabla hajanunua godoro wala sufuria. Kwa hiyo si aibu kijana kukaa kwanza kwa mjomba au shangazi, maadamu achangia unga na kushika kazi za nyumbani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Akiisha kuhamia, mtego wa pili humngoja. Kwa miezi sita hakuna amdaiye kodi, naye hujiona tajiri; hununua simu mpya na viatu vipya. Mwezi wa sita mwenye nyumba hubisha hodi, na 360,000 hazipo. Dawa yake ni moja: kila mwezi aweke kando 60,000 za kodi kana kwamba adaiwa siku ile, wala asiziguse. Hizi si akiba. Ni deni ambalo siku yake haijafika.

Tena, kabla ya kulipa, na akitazame chumba mchana, na akipate nafasi arudi kukitazama mvua inyeshapo. Chumba cha bei ndogo bondeni huweza kuwa ghali kuliko vyote. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yaliua watu na kuharibu makazi, hata Serikali ikahamishia jamaa nyingi Mabwepande. Na aulize kama LUKU ni ya chumba chake au ni ya nyumba nzima, na kama ni ya wote, hugawanywaje; maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya shahidi, na stakabadhi ya kila malipo itunzwe. Dalali anayedai fedha kabla ya kuonyesha chumba aachwe aende zake.

Jambo la tatu ni haki za mfanyakazi. Wako vijana wanaoona makato ya NSSF kuwa fedha iliyopotea. Sivyo. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki hutoa mwenyewe. Kwa hiyo 30,000 za kijana wetu huwa 60,000. Mwenye kuchangia miezi 180 hupata haki ya pensheni ya uzeeni, na mama mjamzito aliyetimiza masharti hupata fao la uzazi. Hata aliyeachishwa kazi, si yule aliyeacha kwa hiari yake, akiwa amechangia angalau miezi 18, huweza kulipwa theluthi ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Lakini wako waajiri wanaokata wasipeleke. Kijana na aulize NSSF taarifa ya michango yake mara kwa mara, asingoje kufukuzwa ndipo aulize. Akiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake ni juu ya mwajiri peke yake. Mfanyakazi hapaswi kukatwa hata senti kwa ajili yake.

Jambo la nne ni deni. Mikopo ile watu waiitayo kausha damu imepewa jina lililo sawa nayo. Mtu akikopa 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi, huona ni 30,000 tu. Lakini akishindwa, akawa alipa ile 30,000 kila mwezi ili aongezewe muda, baada ya miezi kumi ametoa 300,000, na 100,000 ya kwanza yamngoja bado. Kukopa harusi, kulipa matanga. Asimpe mkopeshaji kadi yake ya benki na namba ya siri. Na mikopo ya simuni ichunguzwe, kwa maana Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Njia bora ipo. Vikundi vya kuweka na kukopa hufuata mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha kwa wanawake wa Niger mwaka 1991: watu wanaojuana hununua hisa kila wiki, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, hivi kwamba hapana mmoja awezaye kulifungua peke yake. Tena kwa sheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyoandikishwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ataeleza.

Neno letu la mwisho ni kwa wazazi na walimu. Mara nyingi sisi ndisi tunaomtia kijana katika deni. Asikiapo baba kwamba mwana ameajiriwa, huleta bati. Shangazi huleta ada ya shule. Na mdogo wake hutaka simu. Kijana hawezi kukataa, maana amelelewa kwa heshima, basi hukopa ili asituaibishe. Yafaa tumwite, tuketi naye, atuonyeshe daftari lake, tupatane kiasi anachoweza kutoa kila mwezi. Na tukiisha kupatana, tusimdai zaidi. Walimu nao waweza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho hesabu ya mshahara na kodi ya chumba iwe zoezi la darasani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisipowekwa chini mtungi unaovuja, hakitajaa.