Malighafi za Nyuso Zinazosuguana na Uimara wa Nyonga Bandia: Mjadala Kuhusu Wakazi wa Kirua Vunjo

Mkazi wa Kirua Vunjo hutembea kwenye miteremko karibu maisha yake yote. Kihamba kipo mteremkoni, na majani ya ng'ombe wa zizini mara nyingi hukatwa tambarare, kisha hupandishwa kwa kichwa. Vipimo vya nyonga bandia zilizowekewa vihisio vimeonesha kwamba hata mwendo wa kawaida hukitwisha kiungo hicho mzigo wa mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa makadirio yanayotumika katika maabara, nyonga moja hufanya mizunguko milioni moja kwa mwaka.

Msingi wa uelewa wa sasa ulijengwa Uingereza na John Charnley. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia kikombe cha Teflon kilichokutana na kichwa cha chuma. Msuguano ulikuwa mdogo sana, lakini kikombe kilichakaa katika muda wa miaka michache na chembe zake zikachochea uvimbe mkali. Mwaka 1962 aligeukia polietilini yenye molekuli kubwa mno. Kutokana na tukio hilo ilibainika kwamba wepesi wa kuteleza na ustahimilivu wa kuchakaa ni sifa mbili tofauti.

Hata hivyo, polietilini nayo husagika. Kinachoua kiungo si kwisha kwa kikombe, bali ni vumbi lake. Seli za kinga humeza chembe hizo, hushindwa kuziyeyusha, na hutoa kemikali zinazoamsha seli zinazomeng'enya mfupa. Mfupa unaoshikilia kiungo humomonyoka, kiungo kikalegea. Kwa sababu hiyo, ujazo wa vumbi una uzito kuliko kina cha mchubuko. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 22 kikizama milimita 0.1 kwa mwaka hutoa takribani milimita za ujazo 38 za vumbi. Cha milimita 32, kwa kina kilekile, hutoa takribani 80. Lakini kichwa kidogo huchomoka kwa urahisi zaidi, jambo lisiloweza kupuuzwa kwa mgonjwa aliyezoea choo cha kuchuchumaa.

Polietilini iliyofungamanishwa kwa mionzi, iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, imelegeza mgongano huo. Uchakavu wake ni mdogo kiasi kwamba kichwa kikubwa kinaweza kutumika bila kuzidisha vumbi kwa kiwango cha zamani. Mionzi hiyo, lakini, huacha viini huru vinavyoathiriwa na oksijeni. Ndiyo maana plastiki hupashwa joto au huchanganywa na vitamini E. Vikombe vya kizazi cha nyuma, vilivyotakaswa kwa gama penye hewa, viliweza kuwa vikavu na dhaifu vikiwa bado rafuni. Hospitali inayopokea msaada wa vifaa ina sababu ya kusoma tarehe kabla ya jina la mtengenezaji.

Chuma juu ya chuma kilionekana kuwa jibu kwa vijana, hadi DePuy ilipoiondoa sokoni nyonga yake ya ASR mwezi Agosti 2010. Uchakavu wake hutoa kobalti na kromu, na ufuatiliaji huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Kauri, iliyoanzishwa na Pierre Boutin nchini Ufaransa mwaka 1970, huchakaa kidogo kuliko zote, ila ikivunjika huacha vipande vikali vinavyofanya upasuaji wa marudio kuwa mgumu. Kauri mchanganyiko za sasa huvunjika kwa nadra.

Umri ndio unaoutofautisha muktadha wa Afrika Mashariki na wa Ulaya. Huko Ulaya wagonjwa wengi ni wazee wenye viungo vilivyochakaa. Katika rejesta ya Malawi, iliyoanzishwa mwaka 2005, kufa kwa kichwa cha fupa la paja kuliongoza miongoni mwa sababu za kubadilishiwa nyonga, na hali hiyo hukumba hata vijana. Mtu wa miaka 35 anahitaji kiungo cha miongo mitatu au minne. Kwake, kichwa cha kauri au cha chuma ndani ya polietilini iliyofungamanishwa ni chaguo linaloteteka zaidi, kwa kuwa likishindwa hushindwa polepole na huonekana kwenye eksirei ya kawaida.

Tatizo ni kwamba mmomonyoko wa mfupa hauumi mwanzoni. Mgonjwa huendelea kupandisha majani wakati nafasi inapanuka nyuma ya kikombe, na safari ya kushuka KCMC kupiga picha humwia vigumu kuifunga mtu asiyehisi maumivu yoyote.