Theluji, vumbi na umeme wa treni

Mwambie mtu wa Kathonzweni, kule Makueni, kwamba treni imekwama kwa sababu ya theluji, atakucheka. Kwao ni jua na vumbi jekundu. Lakini theluji ina ndugu yake huku kwetu, na treni inayotoka Miritini hukutana naye ikipita Kibwezi na Emali, katika kaunti hiyo hiyo.

Wengi hudhani dizeli ndiyo inayosukuma magurudumu. Sivyo. Katika vichwa vingi vya treni za dizeli, injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huendesha mota zilizofungwa chini karibu na magurudumu. Mota hizo zikivuta mzigo hupata moto sana, kwa hivyo feni huvuta hewa ya nje na kuzipuliza zipoe. Shida ni kwamba hewa haiji peke yake.

Kwenye nchi za baridi huja na theluji. Ile laini, kavu kama unga, hupenya hadi kwenye chujio. Ikikuta joto huyeyuka, na maji yake huupa umeme njia ya kuvuja hadi kwenye chuma cha treni. Mitambo ya kinga ikihisi hivyo huukata umeme, na treni husimama. Kinga ikichelewa, mota huungua.

Desemba 2009 hata treni za Eurostar, ambazo ni za umeme mtupu, zilionja hayo. Zilitoka kwenye baridi kali ya kaskazini mwa Ufaransa zikaingia kwenye joto la njia iliyo chini ya bahari kuelekea Uingereza. Theluji ikayeyuka ndani ya mitambo, treni tano zikakwama, na abiria wapatao 2,000 wakateseka usiku kucha.

Makueni kazi hiyo hufanywa na vumbi. Kiangazi huingia na kuganda juu ya waya, huziba njia za hewa, mota zikakosa kupoa. Mvua za Novemba zikija, vumbi hilo hulowa likawa tope linalopitisha umeme. Kisha treni yateremka kwetu Pwani, kwenye unyevu wa chumvi ule ule unaokula mabati ya nyumba zetu.

Dawa si ya ajabu: chujio zisafishwe mapema, mota zipulizwe vumbi na kukaushwa, na waya zipimwe kama zinavuja kabla mvua hazijaanza, si baada ya treni kuzimika.

Hili latuhusu. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ni ya njia moja, treni hupishana stesheni. Kichwa kimoja kikilala kati ya Voi na Mtito Andei, abiria na makontena ya bandari hungoja nyuma yake. Kwa hivyo siku treni ikichelewa, usiulize tu kama dizeli imekwisha. Uliza pia chujio lilisafishwa lini.