Limón: jimbo lenye bandari kubwa, lakini halina liwali

Kwa wakaaji wengi wa Congo, kusema jimbo ni kusema liwali na bunge la jimbo. Huko Costa Rica, inchi ndogo ya Amerika ya Kati, mambo ni tofauti.

Inchi hiyo ina majimbo 7. Limón ndilo linashika pwani yake yote ya bahari ya Karibi, toka mpaka wa Nicaragua hadi mto Sixaola, penye kuanza Panama. Karibu na bahari ni tambarare zenye mvua nyingi na mashamba ya ndizi. Upande wa bara kuna milima ya Talamanca, makao ya watu wa asili, Wabribri na Wacabécar.

Jimbo limegawanywa katika kantoni 6: Limón, Pococí, Siquirres, Talamanca, Matina na Guácimo. Kila kantoni inachagua meya na baraza lake. Juu yao hakuna liwali. Inafuata serikali kuu, mjini San José. Jimbo lenyewe linatumika zaidi wakati wa kuchagua wabunge wa taifa.

Kwa hiyo, barabara ikiharibika, mkaaji anauliza kwanza: ni ya nani? Ya kantoni, anapiga hodi kwa meya. Lakini barabara namba 32, inayopitisha mizigo ya bandari ya Moín kwenda San José, ni ya taifa. Udongo wa mlima ukiporomoka na kuifunga, mameya wote 6 wanangojea serikali kuu.