Gari Lililoshushwa: Hesabu ya Kona na Hesabu ya Tuta

Apitaye Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, aweza kukuta gari dogo la michezo limeinuliwa kwa jeki, springi zake zimelazwa kando. Mwenye gari ataka lishuke. Hoja zake ni mbili: likae chini na kuvutia macho, tena lishike barabara vizuri zaidi kwenye kona. Hoja ya kwanza ni ya macho, na macho hayana mwamuzi. Ya pili ni ya fizikia, nayo yaweza kupimwa.

Gari likatapo kona, msuguano kati ya tairi na barabara ndio ulivutao kuelekea ndani ya mzingo. Kani hiyo hutenda ardhini, ilhali kitovu cha uzito cha gari kiko juu. Ndiyo maana gari hulalia nje: sehemu ya mzigo huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama hupatikana kwa kuzidisha tungamo la gari, mchapuko wa kona na kimo cha kitovu cha uzito, kisha kugawanya kwa upana baina ya magurudumu.

Chukua gari la kilo 1,200, lenye kitovu cha uzito sentimeta 50 kutoka ardhini na upana wa meta 1.5. Likikata kona yenye nusu kipenyo cha meta 56 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, mchapuko wake ni karibu meta 5 kwa sekunde kwa sekunde. Mzigo unaohama ni nyutoni 2,000: magurudumu ya nje hubeba kama nyutoni 8,000, ya ndani 4,000. Likishushwa sentimeta 5, kiasi hicho huwa nyutoni 1,800. Faida ipo, kwa kuwa mshiko wa tairi hauongezeki sawia na mzigo, na tairi iliyolemewa haifidii yote yaliyopotea upande wa ndani. Lakini kilichopungua ni moja ya kumi tu.

Gharama yake hutegemea namna ya kushusha. Njia rahisi, na ya hatari, ni kukata springi. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikiondolewa 2, ugumu wake huongezeka kwa theluthi. Shokomzoba, ambayo mafundi huiita shokapu, ilipimwa kutuliza springi laini zaidi. Sasa hushindwa, gari hurukaruka, na tairi iliyo hewani haina msuguano wowote. Tena gurudumu likining'inia, springi iliyofupishwa yaweza kutoka kwenye kikalio chake. Mbaya kuliko hiyo ni kuipasha springi kwa moto wa gesi hadi inywee. Feleji ya springi hupata unyumbufu wake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kubahatisha huiharibu: ama hulegea, ama huwa kavu na kuvunjika, pengine katikati ya kona ileile iliyokusudiwa.

Liko jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Katika magari mengi madogo, Subaru Impreza za kwanza zikiwamo, gurudumu la mbele hushikwa na nguzo ya MacPherson pamoja na mkono wa chini. Gari likishushwa kupita kiasi, mkono huo huinuka upande wa gurudumu. Hapo nukta ambayo bodi hulala kwa kuizunguka hushuka kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Wenzo kati ya nukta hizo mbili hurefuka, na gari lililoshushwa ili lisilale hupata sababu mpya ya kulala.

Kisha kuna tuta. Sentimeta 5 zilizoondolewa zilikuwa nafasi ya gurudumu kupanda na ya sampu ya oili kupita salama. Katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1953, wahandisi walifanya kinyume: Datsun 240Z, gari la michezo hasa, ilishinda mwaka 1971 na 1973 ikiwa imeinuliwa, na bamba la kinga chini ya injini.

Kwa anayeshika njia za mjini, pamoja na bonde la Jangwani ambalo limefurika mara nyingi wakati wa masika, kipimo cha busara ni sentimeta 2 au 3, kwa springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo na shokapu zinazolingana nazo, na pembe za magurudumu zipimwe upya kabla gari halijatoka gereji.